Jacques Plante: Kipa aliyeitwa mwoga kwa kuukinga uso wake

Kazi ya kipa ni ngumu katika mchezo wowote. Lakini upo mchezo ambao kwa miaka mingi kipa alisimama langoni akijua kabisa kwamba siku moja atavunjwa pua, au ataondoka na jicho moja. Mchezo huo ni mpira wa magongo wa barafuni, ambao kule Canada unapendwa kama soka inavyopendwa huku kwetu.

Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza kwa kasi juu ya barafu, na wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kisahani hicho kina uzito wa gramu 170 hivi, na kikipigwa vizuri kwa gongo kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Lango lenyewe ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22. Maana yake ni kwamba kichwa cha kipa kiko palepale kisahani kinapopita.

Pamoja na hatari yote hiyo, hadi mwaka 1959 makipa wa ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, NHL, walicheza uso mtupu. Miguu ilikingwa, kifua kilikingwa, mikono ilikuwa na glovu nene. Uso ndio uliachwa wazi. Aliyebadilisha hali hiyo ni Jacques Plante wa Montreal Canadiens, na haikuwa rahisi. Ilibidi apambane na kocha wake, na makipa wenzake, na mashabiki waliokuwa wakimcheka.

MTOTO MWENYE PUMU

Plante alizaliwa Januari 17, 1929, kijijini karibu na Mont-Carmel, jimbo la Quebec, eneo la Canada linalozungumza Kifaransa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya 11. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani katika mji wa Shawinigan Falls, na maisha ya nyumbani yalikuwa ya kubana matumizi.

Tangu utotoni Plante alisumbuliwa na pumu. Akiteleza barafuni kwa muda mrefu pumzi inakata. Watoto wengine wakikimbizana uwanja mzima, yeye hawezi. Suluhisho likawa moja tu: akae golini. Kwa hiyo kipa ambaye baadaye angeitwa mmoja wa bora kuliko wote waliowahi kutokea aliwekwa langoni na ugonjwa.

Vifaa vya dukani havikuwa vya watu wa hali yao. Baba yake alichukua magunia ya viazi, akayajaza na kuyatia vipande vya mbao, yakawa kinga ya miguu. Mama yake naye alimfundisha kufuma kofia za sufu, kwa sababu watoto walicheza nje kwenye baridi kali ya Quebec. Kufuma huko hakukumwacha. Hata alipokuwa staa, Plante aliendelea kufuma kofia, soksi na fulana zake mwenyewe. Wenzake walishangaa, lakini yeye alisema kazi hiyo inamtuliza akili.

Alipofika umri wa miaka 14 alikuwa akidakia timu kadhaa kwa wakati mmoja. Baadaye kidogo akaanza kulipwa senti 50 kwa mechi na timu ya kiwanda pale mjini. Zilikuwa pesa ndogo, ila kwa kijana wa nyumba yenye watoto 11 hazikuwa mzaha.

NAFASI SITA TU

Ili kuelewa alichokuja kukifanya Plante, lazima kwanza uelewe ligi ya enzi zile. NHL ilikuwa na timu sita tu: Montreal, Toronto, Boston, Detroit, Chicago na New York. Kila timu ilikwenda uwanjani na kipa mmoja. Kipa wa akiba kwenye benchi hakuwapo. Akiumia, mechi inasimama, daktari anamshona, kisha anarudi langoni.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Dunia nzima ilikuwa na kazi sita za kudaka NHL, na nyuma yake kulikuwa na mamia ya vijana wanaozitamani. Kipa aliyelalamika kuhusu maumivu alijua kuna mwingine anasubiri. Ndiyo maana walikaa kimya. Terry Sawchuk wa Detroit, mmoja wa makipa wakubwa wa wakati huo, alishonwa usoni mamia ya nyuzi katika maisha yake ya mchezo.

Makocha nao walikuwa na hoja zao. Walisema barakoa inamzuia kipa kukiona kisahani kikiwa miguuni. Walisema akijiona yuko salama atazembea. Na chini ya hoja zote hizo kulikuwa na jambo lisilosemwa waziwazi: kipa anayeficha uso anaogopa, na mwoga hafai.

Plante aliingia kwenye ligi hiyo msimu wa 1952-53 kwa kuitwa mechi chache. Nafasi yake halisi ilikuja kwenye mtoano wa 1953. Canadiens walikuwa nyuma kwa mechi tatu dhidi ya mbili mbele ya Chicago, wakipoteza moja zaidi wanaaga. Kocha Dick Irvin akamtoa kipa wake mzoefu, Gerry McNeil, akamwingiza kijana huyo wa miaka 24. Chicago hawakuona lango. Mechi iliisha 3-0, Montreal wakashinda na iliyofuata, na mwisho wakabeba Kombe la Stanley.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 lango lilikuwa lake moja kwa moja. Kuanzia 1956 Canadiens walichukua Kombe la Stanley mara tano mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Katika misimu hiyo yote mitano, Plante ndiye aliyebeba tuzo ya Vezina, ambayo wakati huo ilikwenda kwa kipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi.

Tena hakudaka kama wengine. Makipa wa zamani walijifungia kwenye mstari wao, lakini Plante alitoka. Kisahani kikipita nyuma ya lango, anakifuata, anakisimamisha, anampasia beki wake. Alipiga kelele kuwapanga mabeki. Aliandika na kutunza kumbukumbu za wapigaji: huyu anapenda upande gani, yule anapiga wapi akibanwa. Leo kila kipa wa hoki anafanya hivyo na hakuna anayeshangaa. Enzi zile mashabiki walishika vichwa kila alipoliacha lango.

MIFUPA YA USO

Wakati akibeba makombe, uso wake ulikuwa ukilipa gharama. Katika mazoezi, mashuti ya wachezaji wa timu yake mwenyewe yalimvunja mfupa wa shavu moja, na baadaye la pili pamoja na pua. Mwaka 1957 akafanyiwa upasuaji wa matundu ya pua, kwa sababu pumu na matatizo ya pua yalikuwa yakimtesa. Alikosa mechi 13.

Aliporudi alianza kuvaa barakoa mazoezini. Kocha mpya wa Montreal, Toe Blake, aliruhusu hilo, lakini kwenye mechi hapana. Blake alikuwa mchezaji mkubwa wa zamani, mtu wa shoka, na kwake suala hilo halikuwa na mjadala.

Wazo lenyewe halikuwa jipya, na aliyetangulia alikuwa mwanamke. Mwaka 1927, Elizabeth Graham, kipa wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Queen's huko Kingston, Ontario, alidaka akiwa amevaa barakoa ya waya inayotumiwa na wacheza mchezo wa vitara. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1930, Clint Benedict wa Montreal Maroons alivaa barakoa ya ngozi baada ya kuvunjwa pua na shuti la Howie Morenz. Ilimziba macho, akacheza nayo mechi chache tu na kuiacha. Baada ya hapo karibu miaka 30 ilipita bila kipa wa NHL kuizoea barakoa kwenye mechi.

Kilichobadilika ni malighafi. Mtu mmoja aitwaye Bill Burchmore, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya vifaa vya faibaglasi, alimwona Plante akiumizwa na akapata wazo la kutengeneza barakoa nyembamba, ngumu, inayoukaa uso wa mvaaji bila kuacha nafasi. Wakauchukua umbo uso wa Plante, wakatengeneza ganda la faibaglasi lenye rangi ya ngozi, matundu mawili ya macho na moja la mdomo. Ilitisha kuitazama. Lakini Plante aliweza kuona.

USIKU WA NEW YORK

Novemba 1, 1959, Canadiens walikuwa wageni wa New York Rangers kwenye ukumbi wa Madison Square Garden. Dakika chache tu baada ya mechi kuanza, Andy Bathgate, mpigaji hatari wa Rangers, akaachia shuti la karibu. Likampata Plante usoni, upande wa pua. Damu ikamwagika juu ya barafu.

Akapelekwa ndani kushonwa. Watazamaji wakasubiri. Kila mtu alijua utaratibu: nyuzi, plasta, kipa arudi kazini. Timu ya wenyeji ilitakiwa kuwa na mtu wa kuazimisha ikiwa kipa wa wageni atashindwa kabisa, lakini mtu huyo kwa kawaida hakuwa wa kiwango cha ligi. Blake hakutaka hata kumfikiria.

Hapo ndipo Plante alipoweka msimamo. Alimwambia kocha wake kwamba anarudi, ila na barakoa. Bila barakoa harudi.

Ilikuwa kamari kubwa. Alikuwa bingwa mara nne mfululizo, kweli, lakini ligi ya kazi sita haikumjali mtu. Blake angeweza kumwazima yule mtu wa New York, akapoteza mechi moja, na kesho yake akamtafuta kipa mwingine. Kumkatalia kocha mbele ya timu nzima, katika miaka ambayo wachezaji hawakuwa na chama wala sauti, kungeweza kummaliza.

Blake alikasirika, lakini hakuwa na njia. Akakubali kwa sharti kwamba kidonda kikipona, barakoa inatoka. Plante akarudi barafuni na uso mweupe wa faibaglasi, ukumbi ukashangaa. Montreal wakashinda 3-1.

Siku zikapita, kidonda kikaanza kupona, barakoa haikutoka. Blake alitaka kulalamika, ila atalalamikaje na timu inashinda? Canadiens walicheza mechi 18 bila kupoteza. Waliosema kipa aliyefunikwa uso hataona kisahani waliishiwa maneno, ingawa dhihaka za mashabiki wa viwanja vya ugenini ziliendelea.

Machi 8, 1960, Blake akaomba jaribio moja. Plante avue barakoa kwenye mechi dhidi ya Detroit. Akavua. Montreal wakafungwa 3-0. Mechi iliyofuata barakoa ilirudi, na haikuvuliwa tena. Mwezi uliofuata Canadiens walichukua Kombe la Stanley kwa kushinda mechi nane kati ya nane za mtoano, wakiitoa Chicago na kisha Toronto.

Hata hivyo makipa wengine hawakukimbilia kuvaa. Aliyezoea kuitwa mwanaume kwa sababu ya makovu hakuweza kubadilika kwa siku moja. Lakini mmoja mmoja wakaanza, Sawchuk akiwemo mwaka 1962. Kipa wa mwisho wa NHL kudaka uso mtupu alikuwa Andy Brown wa Pittsburgh, Aprili 1974. Tangu usiku ule wa New York ilikuwa imepita miaka 14 na ushee.

ALIPOAMBIWA AMEZEEKA

Mwaka 1961 goti lilimsumbua hadi akashushwa kwa muda timu ya chini. Wengi wakadhani ndiyo basi. Akafanyiwa upasuaji, akarudi, na msimu wa 1961-62 akabeba tuzo ya Vezina ya sita pamoja na Hart, tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Ilichukua hadi 1997 kwa kipa mwingine, Dominik Hasek wa Buffalo, kuipata Hart.

Lakini Plante hakuwa mtu rahisi kuishi naye. Alikuwa mbishi, mpweke, alijisikia, na pumu ilimfanya aikwepe baadhi ya miji na hoteli. Wachezaji wenzake walimheshimu kuliko walivyompenda. Mwaka 1963 Montreal wakachoka, wakamuuza New York Rangers. Kule timu ilikuwa mbovu, akafungwa sana, na mwaka 1965 akastaafu.

Desemba mwaka huohuo Scotty Bowman, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa Montreal, alimwomba awasaidie kwenye mechi dhidi ya timu ya taifa ya Umoja wa Kisovieti, mabingwa wa dunia. Plante akakubali. Vijana wale wakashinda 2-1, na shujaa wa mechi alikuwa mstaafu aliyekaa golini.

Bowman hakusahau. Alipokuwa kocha wa St. Louis Blues, mwaka 1968, akamtoa Plante kwenye kustaafu. Akiwa na miaka 40, akisaidiana na Glenn Hall, alibeba Vezina ya saba.

Kisha likaja shuti la Mei 1970. Blues walikuwa fainali dhidi ya Boston. Fred Stanfield akapiga, kisahani kikaguswa njiani na kubadili mwelekeo, kikampata Plante kwenye paji la uso. Barakoa ilipasuka. Alianguka bila fahamu, akapelekwa hospitali. Alipozinduka alisema wazi kwamba bila barakoa ile angekufa pale barafuni. Waliomwita mwoga miaka 11 nyuma walibaki kutazamana.

Bado hakuacha. Msimu uliofuata, akiwa Toronto Maple Leafs na umri wa miaka 42, aliongoza ligi kwa wastani wa kufungwa mabao 1.88 kwa mechi. Alipita Boston, na mechi zake za mwisho za ushindani alizicheza Edmonton msimu wa 1974-75, akiwa na miaka 46.

MWALIMU WA MAKIPA

Mtu huyo ambaye wengi walimwona mbinafsi hakuwa mchoyo wa ujuzi. Toronto alimkuta kijana Bernie Parent akamfundisha namna ya kusimama, kutoka na kusoma shuti. Parent alikwenda Philadelphia, akaiongoza timu yake kuchukua Kombe la Stanley mwaka 1974 na 1975. Plante pia aliandika kitabu cha kufundisha udakaji.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Septemba 1972. Canada na Umoja wa Kisovieti walikutana mjini Montreal katika mechi ya kwanza kati ya nane zilizosubiriwa na dunia nzima ya hoki. Kipa wa Wasovieti alikuwa kijana wa miaka 20, Vladislav Tretiak, na Wacanada wengi waliamini atanyeshewa mabao. Kabla ya mechi Plante aliingia chumba cha wageni akiwa na mkalimani. Alimwonea huruma kijana. Akamweleza na kumchorea jinsi washambuliaji wa Canada wanavyopiga, mmoja baada ya mwingine, kisha akaondoka. Wasovieti wakashinda 7-3. Tretiak aliwahi kusema mara nyingi kwamba somo lile lilimsaidia sana.

Plante alihamia Uswisi, akaishi huko miaka yake ya mwisho. Mwaka 1978 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki. Alifariki dunia Februari 27, 1986, katika hospitali moja mjini Geneva, kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 57. Mwaka 1995 Canadiens waliistaafisha jezi yake namba 1.

Hakufika siku ya Septemba 23, 1992, ambapo Manon Rhéaume, msichana kutoka Quebec kama yeye, alisimama langoni kwa Tampa Bay Lightning kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya St. Louis, akawa mwanamke wa kwanza kucheza katika timu ya NHL. Miaka sita baadaye hoki ya wanawake ikaingia Olimpiki kule Nagano, na Rhéaume akarudi na medali ya fedha. Alidaka akiwa na barakoa, na wala hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kuandika.

Plante alizikwa Sierre, Uswisi. Wiki ile timu ya vijana kutoka Quebec ilikuwa nchini humo kwa mashindano. Jeneza lilipotoka kanisani, vijana wale walijipanga pande mbili, wakainua magongo yao juu na kuyakutanisha, na kipa wao wa zamani akapitishwa chini yake.